Programu niliyoiunda imemdhalilisha mama yangu mdogo

Shikamoo mama mshauri.

Mimi ni kijana wa miaka 29, ninaishi Kitangiri, Mwanza, na mke wangu na mtoto wetu wa mwaka mmoja na nusu. Kazi yangu ni kuunda programu za simu, na ninaifanyia nyumbani. Kampuni ni changa, ina watu kumi na mmoja, ofisi iko Dar es Salaam. Tangu wanichukue mwaka 2022 nimefika huko mara mbili tu. Saa tatu asubuhi tunakuwa na kikao cha sauti, kila mmoja anasema jana amefanya nini na leo atafanya nini, halafu kila mtu anazima kipaza sauti na kurudi kwenye kazi yake. Majirani wanajua ninashinda ndani nikichezea kompyuta. Mama mdogo ndiye anayenitetea kwa watu. Huwaambia, "Huyu ni fundi wa ndani ya simu."

Mama mdogo ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki nikiwa darasa la tano. Anauza dagaa Mwaloni Kirumba. Ada yangu ya sekondari na kompyuta ya mtumba niliyojifunzia vilitoka kwenye magunia yake ya dagaa.

Nilipoanza kazi, programu yetu ilikuwa ya vikoba: kuweka hisa, kuona nani amerejesha na nani bado. Niliipenda sana. Mama mdogo na wenzake walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuijaribu, na ndiye aliyeniambia maandishi ni madogo mno kwa mtu aliyekaa juani. Nikayakuza. Mwanzoni mwa 2024 tukaambiwa vikoba havilipi, wawekezaji wanataka mapato, tunahamia kwenye mikopo ya haraka. Watumiaji wetu wa zamani wakatumiwa kiungo cha programu mpya kwa WhatsApp. Hatukuipeleka Play Store kwa sababu tangu Mei 2023 Google hawaruhusu programu za mikopo binafsi kusoma majina na picha zilizo kwenye simu ya mkopaji, na hii inasoma majina. Sehemu hiyo niliiandika mimi. Kazi yenyewe ilikuja kwa mistari miwili: soma majina yote, yatume kwenye seva. Niliimaliza kwa siku moja na nusu, na nakumbuka nilifurahi kwamba haikugoma hata kwenye simu za bei ya chini.

Mwezi uliopita, jioni ya Alhamisi, meseji ikaingia kwenye simu yangu. Imetaja jina la mama mdogo, majina matatu kamili, kwamba ni mdaiwa sugu, amenitaja mimi kama mdhamini, nimwambie alipe leo. Niliisoma mara tatu kabla ya kuelewa kwamba imetoka kwetu.

Alikuwa ameomba 200,000. Mkononi ikaja 140,000, nyingine ikakatwa kama ada. Alitakiwa arejeshe 200,000 ndani ya siku 14. Mbalamwezi ikatoka, mitumbwi haikwenda. Ilipoanza kwenda mvua ikanyeshea dagaa waliokuwa wameanikwa, akawauza kwa bei ya chakula cha kuku. Siku ya 19 deni lilikuwa 290,000. Meseji ile ilimfikia mchungaji wake, mwenyekiti wa kikoba, wakwe wa binti yake, na mteja wa Kongo ambaye humpa pesa ya mzigo mapema.

Jioni ile ile alikuja nyumbani, simu ameifunga kwenye pindo la kanga. Akaniambia, "Baba, wewe ni fundi, nitolee huyu mtu ndani ya simu." Hajui kwamba huyu mtu ni mimi. Nililipa ile 290,000 kimyakimya, nikamwambia nimezungumza nao, yameisha. Akasema, "Wabeja sana, baba." Tangu siku hiyo kila nikifungua kompyuta nasikia sauti yake.

Nalipwa 2,600,000 kwa mwezi. Namsomesha mdogo wangu chuo cha uuguzi, na nimeanza msingi wa nyumba Buswelu. Mkataba unaniita mkandarasi huru, unasema upande wowote unaweza kuuvunja wakati wowote, na una kipengele cha kutunza siri. Mke wangu anasema, "Kwani wewe ndiye uliyemkopesha?" Mwenzangu mmoja kazini aliniambia hata nikiacha, wiki ijayo nafasi yangu itakuwa na mtu mwingine. Usiku mmoja niliingia kwenye seva nikaiona namba ya mama mdogo na majina 366 yaliyotoka kwenye simu yake. Nilitaka kuyafuta. Nikashindwa, nikazima.

Niache kazi? Niende kuwashitaki? Nimwambie mama mdogo ukweli? Naomba ushauri wako.

Fundi wa ndani ya simu, Kitangiri

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Nimeisoma barua yako usiku, na asubuhi nikairudia. Nakushukuru kwa kuiandika yote, hata ile siku moja na nusu uliyofurahi kwamba kazi haikugoma. Wengi wangeificha sehemu hiyo.

Umeniuliza maswali matatu, nami nitayagusa yote. Ila naona unayabeba kwa uzito mmoja, kana kwamba ukijibu la kazi na haya mengine yamejibika. Kuna kazi inayoilisha familia yako. Kuna programu ambayo leo, wakati unasoma hapa, inamtumia mtu mwingine meseji kama ile. Na kuna mama aliyekulea ambaye amekushukuru kwa jambo asilolijua. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina saa yake.

Naomba nianze na dagaa, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa Nansio na jambo hili limenichoma. Kila mtu wa ziwani anajua dagaa huvuliwa gizani, kwa taa. Mbalamwezi ikitoka taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika, na mfanyabiashara wa Mwaloni naye anapumzika atake asitake. Kisha kuna mvua, maana dagaa aliyeanikwa akilowa anashuka daraja, anaishia kwa wafugaji wa kuku. Mtu wa biashara hiyo akipewa siku 14 za kurejesha, nusu ya siku hizo zaweza kuangukia kwenye mwanga wa mwezi. Na hesabu yenyewe itazame. Alishika 140,000, akadaiwa 200,000. Hiyo ni karibu shilingi 43 juu ya kila 100 aliyoishika, kwa wiki mbili, kabla ya faini ya 18,000 kwa siku. Wanawake wa Mwanza hawakukosea kuita mikopo ya namna hii kausha damu. Nasema haya kwa sababu katika barua yako nimeona kama vile unamwonea mama mdogo haya kidogo, kwamba alichelewa. Hakuwa mzembe. Deni lilipimwa kwa kalenda isiyomhusu.

Sasa tuje kwako. Kuna mahali unasema "huyu mtu ni mimi", na mahali pengine unaonyesha kwamba uliletewa mistari miwili ukatekeleza. Nahisi unalala na moja na kuamka na jingine. Sitakuchagulia. Nitakuuliza tu: ulipoandika ile sehemu, ulijua majina yale yangetumika kwa nini? Kama ulijua, una la kumwambia mama mdogo ambalo ni zito zaidi. Kama hukujua, ulijua lini, na tangu siku hiyo umefanya nini? Jibu lako mwenyewe, hata usiponiandikia, litakusaidia kuliko mimi kukuita mkosaji au kukusafisha.

Nadhani pia kazi ya kukaa peke yako imechangia. Ofisini, mtu akiletewa kazi kama ile, humgeukia jirani yake wa meza akamuuliza, "Hii tunaifanyia nini?" Wewe uligeuka ukakuta ukuta. Kikao cha asubuhi cha dakika chache hakina nafasi ya swali kama hilo. Ninyi ni kumi na mmoja, na kati ya hao umesikia maneno ya mmoja tu, yule aliyesema nafasi yako itapata mtu. Wengine wote, pamoja na mwenye kampuni, hujui wanalalaje. Je, anayeandika zile meseji amewahi kumwona mtu aliyeipokea? Wako Dar es Salaam, wanaona namba. Wewe ndiye pekee uliye hatua chache kutoka Mwaloni. Ninashawishika kwamba hiyo ni nguvu uliyo nayo ambayo hujaihesabu.

Njia mojawapo basi ni kuzungumza ndani kwanza. Omba kikao na mwenye kampuni, si kwa maandishi mwanzoni, na umweleze habari ya mkopaji mmoja kama ulivyonieleza mimi, bila kumtaja jina. Mwambie unataka usomaji wa majina uondolewe. Unaweza kuongeza kwamba mwaka 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Kampuni yenu ina leseni? Benki Kuu huchapisha orodha ya waliosajiliwa, itafute kabla ya kikao. Jibu la swali hilo litabadilisha mambo mengi, kwa maana kufanya kazi katika kampuni yenye leseni inayokosea ni tofauti na kufanya kazi mahali ambapo panaweza kufungwa kesho, mshahara ukakatika bila wewe kuamua lolote. Hatari ya njia hii unaiona: unaweza kutazamwa kama mchochezi, na kwa mkataba ule, kuonyeshwa mlango siku hiyo hiyo.

Hapo kwenye mkataba nikusimamishe kidogo. Neno "mkandarasi huru" kuandikwa kwenye karatasi si mwisho wa maneno. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa kwa mfano amemfanyia mtu mmoja kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho, au anamtegemea huyo kwa kipato chake. Wewe huenda saa hizo unazifikisha kwa wiki moja tu. Mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi anastahili taarifa ya siku 28, na akiachishwa isivyo haki ana siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Nakusihi umwone wakili na huo mkataba mkononi kabla hujaamua chochote. Anaweza kuona ndani yake kitu nisichokijua mimi wala wewe.

Kuacha kazi nako naelewa kunavyokuvuta. Utafungua dirisha, upepo uingie. Lakini mke wako aliposema yale maneno sidhani kwamba hana huruma na mama mdogo. Namsikia mwanamke mwenye mtoto mdogo anayeogopa. Kaa naye mhesabu: ada ya mdogo wako imebaki kiasi gani, msingi wa Buswelu unaweza kusubiri miezi mingapi, mna akiba ya kula muda gani. Ukipata namba halisi, hofu yenu itakuwa na mipaka. Unaweza kugundua kwamba mnaweza kuishi miezi mitatu ukitafuta kazi, au kwamba wiki tatu tu zinawamaliza, na hapo utajua kama unaondoka kwa kuruka au kwa kushuka ngazi. Ujuzi wako haufungwi na mkoa, na uliweza kuifanyia Dar kazi ukiwa Kitangiri. Kuhusu yule mwenzako, huenda anasema kweli kwamba atapatikana mwingine. Ila swali lake linahusu kampuni. Lako linahusu mikono yako, na mawili hayo hayalazimiki kuwa na jibu moja.

Kuna pia njia ya katikati, ya kubaki na kuomba usiguse tena sehemu ile. Watu wengi huichagua. Inaweza kukupa muda wa kutafuta kwingine kwa utulivu. Inaweza pia kukulewesha, mwezi ukawa mwaka, ukawa unatengeneza vitufe vizuri kwenye nyumba ileile. Ukiichagua, jiwekee tarehe na umwambie mkeo.

Kushitaki sasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kupokea malalamiko. Fikiria jambo moja ambalo sijaliona katika barua yako. Wale watu 366 hawakuomba mkopo, hawakubofya kukubali lolote. Na mmoja wao ni wewe. Namba yako ilichukuliwa na kutumika kama ya mchungaji ilivyotumika. Una haki ya kulalamika kama mtu aliyetumiwa meseji, hata kama usingekuwa mfanyakazi wao. Hatari ni kwamba malalamiko yakifika kwao jina lako litaonekana, na wataunganisha. Ipo Sheria ya mwaka 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi. Inavyokugusa wewe na kile kipengele cha siri, hilo tena ni la wakili. Nakuonya jambo moja bila kuzunguka: usinakili kitu chochote kutoka kwenye seva upeleke nyumbani kama ushahidi, na usiyafute majina ya mama mdogo usiku. Usiku ule ulipozima kompyuta ulijiokoa na mengi, kwa kuwa sheria ya makosa ya mtandao ingeweza kukugeukia wewe. Na zaidi ya sheria, ungemtoa mtu mmoja aliye wako, ukawaacha wengine ndani kwa kuwa hawana mtoto fundi. Nadhani ndiyo maana mkono ulikataa.

Mwenye haki ya kwanza ya kulalamika, mwanangu, ni mama mdogo mwenyewe. Na hapo ndipo swali lako la tatu linaponigusa kuliko mengine.

Unaamini kwamba ukimwambia utamvunja. Labda. Anaweza kunyamaza mwezi mzima. Anaweza kusema neno litakalokuuma mpaka uzeeni. Anaweza pia kuwaambia wenzake wa kikoba, na habari ikakufikia kazini kabla hujajiandaa, hilo ni la kuzingatia kama umepanga kuzungumza na mwenye kampuni kwanza. Lakini jiulize huyu unayemlinda ni nani. Ni mwanamke aliyelea mtoto wa dada yake kwa dagaa, anayefanya biashara na watu wa Kongo, aliyekuambia maandishi yako ni madogo na ukayabadilisha. Wakati ule ulimwona kama mtu anayeweza kuijua programu kuliko wewe. Sasa umelipa deni lake bila kumuuliza, umemwambia yameisha, naye anaenda sokoni akidhani ni kweli. Lakini mteja wake bado anayo ile meseji. Wakwe wanayo. Heshima yake iliyochafuka kwa watu hao haikulipwa na 290,000, na hawezi kuwaeleza kilichotokea kwa sababu hakijui. Wala hajui kwamba akibanwa tena akabofya kiungo kile, yatamrudia.

Kukaa kimya nako kuna sababu zake, sizidharau. Kama afya yake si nzuri, kama kwa sasa anahangaika kumrudisha yule mteja, unaweza kuona si wakati. Wewe ndiye unayemjua. Ukiamua kumwambia, nakuomba usiende kwa lengo la kusamehewa, maana utamlazimu kukutuliza wewe wakati yeye ndiye aliyeumia. Nenda kumweleza. Anza na ulichofanya, kisha kilichofanywa na wengine, kisha muulize anataka nini kifanyike. Pengine atataka kwenda kwenye ile Tume ya taarifa binafsi. Pengine atataka wewe ndiye umpigie yule mteja wa Kongo na mwenyekiti wa kikoba, uwaambie hakuwahi kumtaja mtu kama mdhamini. Pengine atataka tu usimguse kwa siku chache.

Na kuna jambo moja la leo jioni, lisilosubiri uamuzi wowote kati ya hayo. Alipokuja na simu kwenye pindo la kanga, alikuomba umtolee huyu mtu ndani ya simu. Umeniandikia kwamba ulilipa. Hukuniandikia kama ulimtolea. Kama ile programu bado imo, bado inaweza kusoma kila jina jipya analoliandika. Nenda Kirumba, keti naye, uitoe mbele ya macho yake, ukimwonyesha kila unachobofya. Na akikuuliza kama majina yake sasa yameondoka huko yaliko, utakuwa umefika mahali pa kumjibu.